Vifungo vya Koti Tulilozika

Kwa Papa Marie, popote barua hii itakapokukuta,

Sijui nianze na salamu gani. Aliye hai huulizwa habari zake, na aliyekufa huombewa pumziko. Wewe umejiweka katikati, ukaniachia mimi kazi ya kuchagua. Basi nitakusalimu kama zamani, uliporudi kutoka mtoni umechelewa nami nimenuna: Umefika? Keti hapo. Leo nasema mimi.

Unalikumbuka lile shati jeupe ulilovaa ulipokuja kwetu mara ya kwanza kuonana na baba yangu? Vifungo vyake havikufanana hata viwili, na wewe mwenyewe ulikuwa umevishona kwa uzi wa nyavu. Mama alipokuletea maji ya kunawa alikikodolea macho kifua chako, akashindwa kujizuia.

"Mutoto huyu iko nashona bouton kama vile iko nafunga mbuzi!"

Hukuona haya. "Mama," ulimjibu, "kitu nafunga mimi, haiwezi kufunguka."

Nilikucheka nikiwa nyuma ya mlango, lakini kati ya yote uliyoyasema siku ile, hilo ndilo nililoliamini. Na tangu tuoane hukuniruhusu hata siku moja nikushonee kifungo. Mimi niliyefundishwa kushona na Masista, niliyedarizi vitambaa vya altare! Ulizungusha uzi chini ya kifungo, ukaupitisha ndani ya kitanzi chake mwenyewe, kama mnavyofunga mitego ya samaki kwenye miti pale maporomokoni, kisha ukaukata kwa meno. Tena ulizungusha kwa kushoto, kwa kuwa mkono wako wa kazi ni wa kushoto. Hata Lambert, mdogo wako, hafungi hivyo, ingawa mlifundishwa na baba mmoja.

Na unakumbuka siku ile ya uchumba nilipojificha nyuma ya mawe, maji yakinguruma, nikakuita kwa jina lako? Uliziba mdomo kwa mikono miwili. Sisi wote wa kando ya maporomoko tumelelewa hivyo: ukisikia jina lako linatoka majini, nyamaza, maana wafu ndio wanaoita, na aliye hai akiitika huenda nao. Nilipotokea ulikuwa umebadilika rangi. Nilicheka hadi nikakaa chini. Ulininunia mpaka jioni, nikakubembeleza kwa liboke, samaki aliyeokwa ndani ya majani.

Binti yetu Marie alikuwa hajaota meno ulipopanda lori la askari kwenda vitani. Koti walilokupa lilikupwaya mabegani. Ulikuwa unaogopa kulia mbele ya wenzako, kwa hiyo uliniambia maneno machache tu: "Angalia mutoto. Mimi niko narudi." Vita ilipokwisha, wengine walirudi kwa meli, wengine kwa lori, nami nilikwenda kuwapokea wote, na Marie nimemshika mkono. Kila meli niliyoambiwa, nilikwenda. Watu walianza kunihurumia, na huruma ya watu inachosha kuliko kusubiri kwenyewe.

Mwaka wa pili baada ya vita ndipo alipokuja mwenzako Mathieu, yule wa Bafwasende, na koti lako amelikunja kwapani.

"Mama, pardon," alisema. "Ye alikufa zamani, kule Habeshi, mvua ya kwanza tu. Tumbo. Mimi nilichunga koti yake."

Hakutaka kuketi. Hata maji aliyakataa. Nilidhani ni uchungu.

Unajua tunavyofanya kwa mtu ambaye maji hayakumrudisha: huzikwa nguo yake. Tulikufanyia hivyo hivyo, ingawa kilichokuwa kimekumeza si mto. Mama yako alilishika koti, mimi nikashika kisu kuvikata vifungo, kwa kuwa maiti hafungwi kifungo wala fundo. Kifua kikifungwa, pumzi hukwama ndani na kumrudia aliyemfunga. Ndipo nilipouona uzi. Ulikuwa wa nyavu, umezungushwa kwa kushoto. Niliujua mkono wako kama ninavyoijua sauti yako, na nililia mpaka wakanishika. Macho yamejaa machozi, kwa kifungo cha mwisho nilikata kitambaa cha koti badala ya uzi, kikatoka na fundo lake zima. Mama yako akasema, "Achia ye vile." Koti tukalizika wazi. Vifungo, kama desturi inavyotaka, vikabaki kwa mjane. Matanga yako yalijaa, Papa Marie. Watu walilala uani. Ungeona fahari, wewe mpenda sifa.

Baada ya kuvua nguo nyeusi, ukoo wako ulikaa, wakanipa Lambert. Padre alitubariki. Nimemzalia watoto wawili wa kiume, wote wana masikio yenu. Lambert hana maneno matamu kama wewe. Anakoroma, anasahau sikukuu, akikasirika anakwenda kutengeneza mtego ambao haujaharibika. Lakini hajaniamsha hata siku moja kwa ukali, na Marie humwita papa bila mtu kumfundisha. Kila Noeli hukumwagia wewe pombe kidogo chini, anageuka ukutani ili tusimwone machoni.

Nisingekuandikia haya kama ungetulia. Hukutulia. Tulipokwisha kuzika lile koti ulianza kunijia, tena si usiku kama wafu wa watu wengine. Ulikuja mchana, nikijilaza baada ya kula, hasa mvua ikinyesha. Unasimama mlangoni, umelivaa koti, umelishika kifuani kwa mkono wa kushoto lisifunguke. "Mama Marie, baridi." Hayo tu. Nilidhani unanidai vifungo vyako. Nilikuombea Misa, nikapeleka samaki na chikwangue, ule mkate wa muhogo, mtoni, nikakuomba radhi kwa kisu. Ulirudi mvua iliyofuata. Lambert aliniona nikigutuka. Akachukua benchi akaiegemeza mlangoni, na tangu hapo mvua ikianza huiegemeza mwenyewe.

Sasa nisikilize habari za kazi yangu, maana humo ndimo ulimokamatiwa.

Watoto walipokua kidogo nilipata kazi katika duka la vitambaa la Mama Eleni, mjane mzee wa Kigiriki, karibu na soko. Niliingia kama mshonaji, lakini yule mama alikuwa na ugonjwa mmoja: vifungo. Wako Wazungu wanaovikusanya vifungo vya kale kama watoto wanavyookota mbegu za mpira, na wanavinunua. Basi Mama Eleni alinunua makoti yaliyochoka, ya askari, ya karani, ya kapteni wa meli, akayavua vifungo, akanipa nivigawe katika visanduku kwa umri wake.

"Achana na uso," alinifundisha kwa Kiswahili chake cha dukani. "Uso iko ya kupendeza watu. Geuza. Angalia mugongo."

Kifungo cha shaba kisicho na maandishi mgongoni, kitanzi chake kimechomelewa kwa mkono na risasi imevuja pembeni, hicho ni cha wakati wa babu zetu. Baadaye wenye viwanda walianza kupiga chapa majina yao. Palikuwa na Mzungu mmoja wa Bruxelles, Ubelgiji, ambaye vifungo vyake vilienea nchi hii yote. Jina lake likiwa peke yake, mzee alikuwa bado kijana. Likifuatwa na maneno & Fils, yaani na Wana, wanawe wamekua, wameingia kiwandani. Mji ukiandikwa kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiflama, kifungo ni cha karibu zaidi. Na usikisugue kwa limau, kwa sababu limau hula herufi. Unachukua unga wa muhogo, unaukandamiza mgongoni, unafuta kwa kiganja, maandishi yanabaki meupe. Niliipenda kazi ile kuliko hata kushona. Ningeliambiwa zamani kwamba nitawajua Wazungu kwa migongo ya vifungo vyao, ningecheka.

Utaniuliza, mbona vyako sikuvigeuza miaka yote hiyo? Vifungo vya marehemu havichezewi. Vilikuwa ndani ya kopo la maziwa, vimeviringishwa kwa kitambaa cheusi, juu ya kabati. Lambert akitaka kulisogeza kabati hunikabidhi kopo kwanza.

Ni Marie aliyenifanya nilifungue. Binti yako anaolewa, na mwalimu wa shule ya misheni, kijana mpole mwenye miguu mirefu ambayo hajui aiweke wapi akiketi kwetu. Tulipokuwa tunapima gauni alinishika mkono.

"Mama, kwa robe yangu weka bouton ya papa. Donc na ye atakuwa pale."

Ningemkatalia nini? Nilikwenda na kopo dukani, adhuhuri, Mama Eleni anasinzia kwenye kiti chake. Nilivisugua nyuso kwanza, vichwa vya simba vikang'aa. Kisha mkono wangu, kwa mazoea tu, ukachovya unga, nikageuza kimoja, nikafuta. Jina lilikuwa lile lile la Bruxelles. Lakini mbele yake palikuwa na herufi ambazo sikuwahi kukutana nazo kwenye visanduku vya kale: Vve. Nikageuza cha pili. Vve. Vyote.

"Mama Eleni, hii Vve, ni nini?"

Alitafuta miwani, akainua kifungo dirishani. "Ah, hii si ya zamani, mama. Weka kule kwa mupya. Veuve. Mujane. Muzee alikufa Waallemani wakiwa bado Bruxelles. Vita ikaisha, bibi yake akakamata kiwanda, akatia jina yake."

"Mbele ya vita kuisha, haikuwa?"

"Itakuwaje? Jina ilikuwa bado ya muzee! Mimi nauzisha bouton tangu wewe hujazaliwa." Alikasirika kidogo, kisha akanitazama. "Uko mugonjwa? Kaa."

Nilikaa. Ulikufa Habeshi mvua ya kwanza ya vita, ndivyo tulivyoambiwa. Na hivi vifungo vilizaliwa vita imekwisha. Nilijitafutia njia ya kutokea: labda Mathieu alilivaa koti lako, vifungo vikakatika, akanunua vingine. Mtu angeweza kuamini hivyo na akalala. Lakini nilikuwa na kile kifungo cha mwisho, chenye kipande cha kitambaa na fundo zima. Nilikigeuza kwenye mwanga nikaufuata uzi kwa sindano. Ulikwenda kushoto. Mfu hashoni, Papa Marie. Mjane wa Bruxelles, ambaye sitamwona maishani mwangu, ndiye aliyeniambia kwamba mimi si mjane.

Sikumwambia mtu. Nilimwambia Lambert kwamba nakwenda Bafwasende kutafuta mchele wa karamu, nikapanda lori. Mathieu nilimkuta uani kwake anapukuchua mahindi. Amezeeka. Sikumsalimu sana. Nilimwekea kile kifungo kiganjani, na yeye hakutazama simba wala maandishi. Alitazama fundo.

"Nani alishona?" nikamuuliza.

Alifumba kiganja. "Mama, ye alinilapisha nisiseme."

"Iko wapi?"

Kuku walianza kula mahindi yake, naye hakuwafukuza. "Nilimuacha mu muji ya Léo, kule Kintambo. Iko nasuka nyavu kwa beach. Iko na muke. Iko na batoto."

"Juu ya nini alifanya vile?"

"Alisema, mufu, watu wanaliaka ye. Muongo, watu wanatukanaka ye. Alisema Lambert ataangalia nyinyi muzuri."

"Na bouton?"

"Za zamani zilitokaka zote. Akasema, mimi siwezi kutumia bibi yangu koti yenye kuwa wazi. Akanunua mupya kwa duka, akashona yeye mwenyewe." Mathieu alinirudishia kifungo bila kunitazama. "Alikuwa analia, mama. Ile, kweli, alilia."

Nimefikiri sana kuhusu machozi hayo. Ulikaa mahali, ukapitisha uzi kwenye sindano, ukalifunga vizuri koti ambalo ulijua kwamba mimi mwenyewe nitalikata. Uliona aibu kunitumia nguo isiyo na vifungo, hukuona aibu kunitumia kifo. Ulinigawa kama mwindaji anavyogawa nyama: paja hili la Lambert. Niliporudi na lori, katikati ya magunia, nilikutukana kwa lugha zote ninazozijua, Kiswahili, Lingala na Kifaransa cha Masista. Kisha, sijui tulikuwa tumefika wapi, mwili wangu wote ukafurahi. Anapumua. Yule mjinga anapumua. Nilifurahi hivyo, na furaha hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko yote.

Kwa kuwa nilidhani nikishajua utaacha kunijia. Hukuacha. Juzi mvua ilinyesha, nikajilaza, ukasimama mlangoni. Miaka yote hii ulikuja kijana, kama ulivyopanda lori. Juzi ulikuwa na mvi. Uso umekunjamana, jino la mbele halipo. Wafu hawazeeki, kwa hiyo sasa najua niliyekuwa nikimwona tangu mwanzo. Mfu akisumbua tuna namna ya kumtuliza, tumeirithi. Mtu aliye hai aliyejizikisha mwenyewe, nani ana dawa yake?

Lambert hajui. Nikimwambia, kesho yake atapanda meli kukufuata Kintambo, namjua, ataiacha mitego yake ikae mitupu. Padre atasema ndoa yetu haikuwa ndoa. Wanangu wataitwa jina ambalo sitaliandika hapa. Na Marie atasimama altareni akijua kwamba baba yake alimwona hastahili nauli ya meli. Nimeyapima hayo yote, na nimechagua. Gauni limekwisha. Vifungo vyako nimevishona mimi, kwa fundo langu la Masista, simba wanatazama nje na mgongo umelala kwenye kitambaa ambako hakuna atakayesoma.

Limebaki moja. Hujasahau jinsi binti wa kwetu anavyotolewa. Asubuhi ya arusi, kabla ya Misa, mama yake husimama kwenye maji na kuwaita wafu wa upande wa baba, mmoja mmoja, waje wamwone. Baba mzazi, kama amekufa, ndiye huitwa wa kwanza. Nikikuruka, mama yako ataniuliza mbele ya ukoo wote. Nikikuita, nakuita wewe uliye hai pamoja na waliokufa. Na mimi na wewe tunajua kuitwa huko ni nini. Ulipobadilika rangi nyuma ya yale mawe hukuwa unaigiza.

Barua hii naitoa kwa baharia mmoja wa meli inayoshuka Léo. Sikuandika jina lako wala sikuifunga bahasha. Anayetaka kusoma na asome. Ndani nimetia kile kifungo chenye fundo. Nimemwambia ashuke Kintambo, awaendee wasuka nyavu, amtafute mwenye mkono wa kushoto ambaye fundo lake ni hili. Itakufikia kabla maji hayajashuka, na arusi ni maji yakishuka.

Mke wako wa huko mpe salamu au usimpe, ni shauri lako. Watoto wako wa huko sina ugomvi nao. Kama wana masikio makubwa, wafundishe kuyavumilia, kama nilivyomfundisha Marie.

Ulitaka kuwa mfu kwetu, nami nitakutimizia. Asubuhi hiyo nitaingia majini hadi magotini, Marie nyuma yangu na gauni lake, Lambert kando, na nitaliita jina lako kwa sauti, kwa maana binti yako atakuwa anasikiliza. Mto ni mmoja, unatoka kwetu unakuja kwako. Ukiwa umeinamia nyavu zako ukasikia mwanamke anakuita kutoka juu, ujue ni mimi, wala safari hii sijifichi nyuma ya mawe.

Ziba mdomo kwa mikono miwili, Papa Marie. Nakuomba. Usiitike.

Mjane wako,
Mama Marie